Nani Kasema Hatulipi?

Kila programu ya kutazama filamu kwa malipo inapoyumba barani Afrika, sababu ya kifo huandikwa kabla daktari hajafika: wateja hawalipi. Tumezoea vya bure, wanasema. Tumezoea YouTube, tumezoea kujaziwa muvi kwenye flashi, tumezoea kuazimana nywila ya shemeji. Utaisikia kauli hii kwa mabosi wa televisheni na kwa washauri wa wawekezaji. Linaloniudhi ni kuisikia pia kwa watengenezaji filamu wetu wenyewe, wanaoiimba bila kuihoji. Mimi naiita kisingizio, tena chenye faida kwa anayekitoa.

Siku ya Simba na Yanga, pita Mbagala, Manzese au Tandika uangalie mlango wa kibanda umiza. Watu wanasukumana kulipa kiingilio ili wakabanane kwenye benchi la mbao, jasho likiwatiririka, na waliochelewa wanalipa vilevile ili wasimame. Wikiendi wanarudi kulipia Arsenal na Manchester United. Vibanda hivyohivyo vilikuza kizazi kizima kilicholipa kumsikiliza Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya walikuwa na DJ Afro, Uganda wana mavijei wao hadi leo. Hata yule kijana wa kujaza flashi, ambaye sheria ya hakimiliki haiwezi kumtetea, hajazi kwa hisani. Anatoza kwa kila tamthilia ya Kikorea anayonakili. Huo unaoitwa utamaduni wa bure una mtu wa kupokea pesa mlangoni.

Na wapo waliomwona mtu huyo mapema. Mei 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Bakhresa, mwenye Azam, hakutajirika kwa kuwauzia unga watu wasiolipa, na sidhani kama alianza kufanya hivyo alipoingia kwenye mpira.

Wenye kisingizio hupenda kuitaja Showmax, basi tuitazame. Februari 2024 MultiChoice ya Afrika Kusini waliizindua upya wakishirikiana na Comcast, kwa mitambo ileile inayoendesha Peacock ya Marekani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 hasara yake ilifika karibu randi bilioni 4.9, kutoka kama bilioni 2.6 mwaka uliotangulia. Namba hiyo ilienea kila mahali. Ambayo haikuenea ni ile iliyokuwa kwenye hesabu hizohizo: wateja wanaolipa walikuwa wameongezeka kwa asilimia 44. Tafadhali isome tena. Wanaolipa wameongezeka karibu nusu, na hasara imekaribia kuwa maradufu. Kama ugonjwa ungekuwa mteja asiyelipa, hasara ingepungua kila alipopatikana anayelipa. Kilichomeza pesa ni gharama: teknolojia ya Wamarekani, haki za michezo, vipindi, matangazo ya uzinduzi katika nchi nyingi kwa mpigo. Nyingi ya gharama za biashara hii hupigiwa hesabu kwa dola, ilhali mapato yanaingia kwa naira na shilingi. Naira ilipoachiwa Juni 2023 ikaporomoka, Mnigeria aliyekuwa akilipa kila mwezi bila kukosa aligeuka, machoni pa mhasibu wa Johannesburg, kuwa mteja hafifu. Yeye hakuwa amebadili chochote.

Nitaambiwa kwamba huo ndio umaskini wa Afrika. Haya, twende Marekani. Kati ya Julai na Septemba 2022 Disney+ ilipata wateja wapya wapatao milioni 12, na katika miezi hiyohiyo mitatu huduma za mtandaoni za Disney zikapoteza karibu dola bilioni 1.5. Novemba mkuu wa kampuni, Bob Chapek, akaondolewa. Faida ilianza kuonekana 2024, baada ya bei kupandishwa na matumizi kukatwa. Quibi, programu nyingine ya hukohuko, nayo ilikusanya dola bilioni 1.75 za wawekezaji, ikafungua milango Aprili 2020 na kuifunga kabla mwaka haujaisha. Sijamsikia mchambuzi akihitimisha kwamba Wamarekani hawana desturi ya kulipa. Kule hasara inaitwa kosa la uongozi. Ikivuka bahari kuja huku, inaitwa tabia ya wenyeji.

Hata hao waliozoea kuazima nywila si wateja waliopotea. Netflix ilipoteza wateja 200,000 mwanzoni mwa 2022, kisha karibu milioni moja katika robo iliyofuata, wakati nyumba zipatazo milioni 100 zilikuwa zikitazama kwa akaunti za watu wengine. Wajuzi walionya kwamba ukiwafungia mlango watakimbia. Netflix ikaleta kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo, halafu 2023 ikaufunga mlango. Mwisho wa 2024 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 300.

Cha kuuliza, basi, ni namna gani mtu wetu analipa. Dereva wa bodaboda na mama lishe hawapokei mshahara tarehe 25; pesa yao huja kwa siku na huondoka kwa siku. Muuza duka wa mtaani alilijua hilo zamani, ndiyo maana anapima mafuta ya kula kwa kikombe na hamlazimishi mtu kununua dumu. Kampuni za simu nazo zililijua. Safaricom huuza GB 1 kwa shilingi 19 za Kenya, itumike ndani ya saa moja, na watu wananunua. StarTimes huuza vifurushi vya siku na vya wiki. Halafu anakuja mtaalamu na programu inayodai kadi ya benki na malipo ya mwezi mzima yanayojikata yenyewe, katika ukanda ambao M-Pesa ilianza Machi 2007, na akikosa wateja anaandika ripoti kuhusu tabia zetu. Wakati huo kijana mmoja kwenye WhatsApp ananunua akaunti moja, anaigawa na kuiuza kwa vipande, anapokea pesa kwa simu. Masharti ya huduma yanamkataza, sawa. Lakini soko amelielewa kuliko idara nzima ya masoko.

Kisha kuna bando, na hapa ndipo pesa nyingi inapoishia. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya HD inaweza kumeza hadi GB 3. Filamu ya saa mbili inaweza kufika GB 6. Kwenye simu unaweza kubana ubora na matumizi yakashuka sana, lakini hata hivyo, kabla jina la mwigizaji halijatokea, mtazamaji ameshakata tiketi ya kwanza kwa kampuni ya simu. Tiketi ya pili ndiyo ya filamu. Anayetakiwa kulipa mara mbili, akisita kwenye ile ya pili, anaitwa mpenda bure.

Yupo shahidi mmoja wa upande wa pili ninayemheshimu. Jason Njoku alianzisha iROKOtv nchini Nigeria kwa ajili ya filamu za Nollywood, akahangaika miaka mingi na wateja wa nyumbani, mwishowe akageukia Wanigeria walioko ng'ambo. Hakuwa mgeni wala mvivu. Ila alichokikuta ni kwamba mteja wa ng'ambo analipa zaidi kwa kichwa. Hilo silibishi. Kwa wateja wa Tandale huwezi kuendesha kampuni yenye matumizi ya California, na wasio na uwezo wa kulipa kabisa wapo, tena ni wengi. Lakini kulipa kidogo ni kulipa, na biashara iliyoshindwa kutosheka na kidogo hicho ilipaswa kupunguza matumizi yake kabla ya kumsema mteja.

Nimesema kisingizio hiki kina faida. Faida yake iko mezani, siku ya kununua kazi. Mtayarishaji wa tamthilia kutoka Kinondoni anakaa mbele ya mnunuzi, anaambiwa kwa upole kwamba soko letu halilipi, kwa hiyo achukue hiki kilichopo na haki zote ziondoke moja kwa moja. Anasaini. Mkataba haumpi haki ya kujua ni wangapi walitazama, wangapi walilipia, wala matangazo ya katikati yaliingiza kiasi gani. Kabla ya kushika kalamu, aombe kuonyeshwa hesabu hizo za watu wasiolipa. Na akiambiwa ni siri ya kampuni, apandishe bei.