Penye urembo ndipo penye urimbo: maandishi yanayomweka kwenye simu



Hapa Majengo, Mpanda, simu ya tachi imeshaingia katika nyumba nyingi. Mama anapokelea fedha, watoto wanatazamia katuni. Ukiifungua unakuta matangazo yanayowaka na kuzimika, herufi zinazorukaruka na picha zinazokimbia. Aliyeyatengeneza alitaka kuvuta macho yetu. Wengi wetu tunaudhika kidogo, kisha tunaendelea. Lakini wako wenzetu ambao mwanga wa namna hiyo unaweza kuwaangusha.

Hao ni baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Katika wagonjwa 100, kama 3 hivi huamshiwa kifafa na mwanga unaomweka, na zaidi ni watoto na vijana. Mwanga wa hatari hasa ni ule unaomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde moja. Mtu anaweza kuwa na hali hii bila kujua mpaka siku aanguke.

Tarehe 16 Desemba 1997, televisheni ya Japani ilionyesha katuni ya Pokémon yenye mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana upesi sana. Jioni hiyo watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Mwaka 2007, filamu fupi ya kutangaza Michezo ya Olimpiki ya London iliondolewa kwenye tovuti kwa sababu hiyo hiyo.

Wapo wanaosema: “Asiyeweza kutazama, asitazame.” Mimi sikubali. Siku hizi matokeo ya mitihani, fedha na matangazo ya serikali vinapitia humo humo. Kumwambia mgonjwa asitazame ni sawa na kumfungia mlango wa zahanati. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataka habari na mawasiliano yafikiwe na wote. Basi mzigo wa kwanza ni wa mtengenezaji, si wa mgonjwa.

Tena, kanuni zipo. Shirika la W3C, linaloweka taratibu za tovuti duniani, liliandika mwaka 2008 kwamba mwanga mkali usimweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na kwamba kitu kinachojisogeza zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi kiwe na mahali pa kukisimamishia. Kanuni hiyo inawafaa hata wazee wetu, ambao maandishi huwakimbia kabla hawajamaliza kusoma, na wale wanaopata kizunguzungu.

Mtengenezaji atasema tangazo lisilomweka halionekani. Si kweli. Herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, zilizotulia, husomwa na kijana na bibi yake pia. Vijana wetu mnaotengeneza video za kwaya na matangazo ya harusi, jambo hili linawahusu nanyi. Acheni ile mianga ya kupasukapasuka.

Nyumbani tufanye haya:

1. Watoto wasitazame simu gizani wala karibu mno na macho. Taa iwake.

2. Katika mipangilio ya simu nyingi, sehemu ya ufikivu, pana mahali pa kupunguza picha zinazosogea. Pawasheni. Lakini hapazuii mwanga ulio ndani ya video.

3. Mwanga ukianza kumweka, mwenye kifafa afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho yote mawili hakutoshi.

4. Mtu akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye na mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala maji mdomoni. Degedege ikipita dakika 5, mpelekeni hospitali haraka.

5. Dawa za kifafa zisiachwe bila ruhusa ya daktari.

Na mkumbuke kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Aliyeanguka karibu na moto asiachwe aungue kwa sababu ya hofu hiyo. Mshikeni, mvuteni, kaeni naye mpaka azinduke.