Dhahabu Bei Moja, Motokaa Bei Mia



Sisi tunaoshika daftari kwenye migodi ya Fizi tunaona jambo moja kila siku. Dhahabu ikitoka shimoni, mnunuzi hutaja bei ya London. Bei hiyo hutangazwa mara mbili kwa siku, na tajiri wa Dubai, wa Kampala na wa Misisi wote huitazama kabla ya kufungua mfuko. Mchimbaji akinung'unika, huambiwa: "Ndiyo bei ya dunia." Vema. Lakini mtu huyo huyo akitafuta motokaa mpya, bei ya dunia haionekani tena. Motokaa ya namna ile ile ina bei yake Dar es Salaam, nyingine Nairobi, na nyingine kabisa ikifika Baraka. Kwa nini?

Wengi husema ni wizi wa wafanyabiashara. Wizi upo, lakini hesabu ni ndefu kuliko hapo, na yafaa tuijue. Asiyejua hesabu hana la kudai.

Kwanza ni kodi. Tuchukue motokaa ndogo iliyofika bandari ya Dar es Salaam ikiwa na thamani ya dola 10,000, pamoja na nauli ya meli na bima. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25: sasa ni dola 12,500. Kisha Tanzania huweka kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo haihesabiwi juu ya zile 10,000 bali juu ya 12,500. Tumefika 14,750, na ada nyingine bado. Kodi imezaa kodi. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, lakini kila nchi ingali na kodi yake ya ongezeko la thamani: kwetu na Kenya ni asilimia 16. Ulaya nako yapo makubwa. Denmark hutoza kodi ya kuandikisha motokaa ambayo, kwa sehemu ya juu ya bei, hufika asilimia 150.

Pili ni njia. Mzigo wa Fizi unaopitia Dar es Salaam husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha hupanda chombo kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha hufika duane. Kila unaposhushwa, kuna mkono unaongoja kulipwa. Tena forodha huhesabu bei pamoja na nauli, kwa hiyo hata umbali wetu unatozwa kodi.

Tatu ni usukani. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Sisi hupita kulia. Motokaa iliyotengenezwa kwa ajili ya Kigoma haikutengenezwa kwa ajili ya Baraka, ingawa kati yetu ni ziwa tu. Hivyo soko moja hukatwa vipande viwili.

Nne ni kampuni zenyewe. Kampuni hupima mfuko wa kila nchi, kisha hupanga bei, na wengine hujenga ua ili mnunuzi asivuke kwenda penye nafuu. Mwaka 1998 wakuu wa Umoja wa Ulaya waliitoza Volkswagen faini ya ecu milioni 102 kwa kuwazuia wauzaji wake wa Italia wasiwauzie Wajerumani na Waaustria. Baadaye mahakama iliipunguza faini hiyo hadi euro milioni 90, lakini kosa lilibaki kosa. Kumbe hata Ulaya mnunuzi alihitaji serikali imlinde.

Atasema mtu: "Makarani hawa wanataka motokaa." Hapana. Wengi wetu hatutanunua motokaa mpya maisha yetu yote. Lakini sote tunailipa. Tunailipa katika kila mfuko wa unga na wa saruji, katika nauli ya kwenda sokoni, na usiku ule mzazi anaposhikwa na uchungu na hakuna chombo cha kumfikisha hospitali.

Hatusemi kodi ifutwe. Serikali isiyo na kodi haijengi barabara. Tunasema kodi ijulikane. Orodha ya malipo yote ibandikwe mlangoni pa kila duane, kwa Kiswahili, tarakimu kwa tarakimu. Kila senti ipate risiti. Kisichoandikwa katika orodha kisidaiwe na kisilipwe. Na fedha iliyokusanywa kwa motokaa ionekane katika barabara ambayo motokaa hiyo itapita.

Ndugu zetu, tukiuza tunapewa bei ya dunia. Tukinunua tunapewa bei ya Fizi. Tuanze kuuliza tofauti hiyo inakwenda mfukoni mwa nani. Anayelipa duane leo, asiondoke bila risiti.