Ukitakiwa kulipa ili upewe kazi, hiyo si kazi

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, fedha iliyo mkononi ndiyo mbolea ya msimu ujao, ndiyo mzigo wa dukani wa wiki ijayo na ndiyo mahitaji ya shule ya mtoto. Ikipotea haipotei peke yake, bali huondoka na msimu mzima.

Nalisema hili kwa sababu matangazo ya kazi za kufanyia nyumbani yameenea mno kwenye simu zetu. Mtu anapokea ujumbe kutoka kwa asiyemjua, akiambiwa kuwa kwa saa moja tu kwa siku anaweza kujipatia kipato kizuri huku genge lake likiendelea. Kazi yenyewe ni kubonyeza alama ya kupenda video, au kusifia hoteli ambayo hajapata hata kuiona. Haulizwi elimu, uzoefu wala mdhamini.

Si kila kazi ya nyumbani ni ya uongo. Wapo wanaotafsiri, wanaoandaa mahesabu na wanaochora nembo wakiwa majumbani mwao, nao wanalipwa. Lakini hao wanauza ujuzi, na anayewalipa anajulikana anafaidika na nini. Mnunuzi wa mahindi anamlipa mkulima kwa sababu ana mashine ya kusaga au ana soko. Je, anayekulipa kwa kubonyeza simu anamwuzia nani? Ukikosa jibu, jua kwamba bidhaa ni wewe.

Utapeli huu una hatua zake. Siku za mwanzo unalipwa kiasi kidogo, na kinaingia kweli kwenye simu yako. Hicho ni chambo. Kisha unaambiwa ulipie ili upande daraja na upewe kazi zenye malipo makubwa zaidi. Unaoneshwa salio linalokua kila siku, lakini tarakimu hizo zinaandikwa na tapeli mwenyewe. Siku ukitaka kutoa fedha, unatakiwa kwanza ulipe "kodi" au "ada ya kutolea". Ukilipa, inazuka ada nyingine.

Hata nchi zilizoendelea hazijasalimika. Nchini Marekani, tume ya serikali inayolinda walaji (FTC) ilipokea malalamiko yapatayo 5,000 ya utapeli wa aina hii mwaka 2023. Katika nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024 yalifikia takriban 20,000.

Hapa kwetu tuna somo la DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Waliojiunga waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Wa mwanzo walivuna kweli, lakini walichovuna kilikuwa mbegu za waliofuata. Ikaisha kwa vilio. Leo jina la mbegu limebadilishwa, ikaitwa kazi, lakini shamba ni lile lile.

Kwa maoni yangu, kinga iliyo bora ni kanuni moja: kazi humlipa mfanyakazi, mfanyakazi hailipi kazi. Hata Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze ada anayetafuta kazi. Kibarua gani wa shamba aliwahi kulipa ili akabidhiwe jembe? Kwa hiyo ukiombwa ada ya fomu, ya mafunzo au ya kupanda daraja, ishia hapo.

Usidanganyike na cheti cha usajili. Kampuni kuandikishwa BRELA maana yake ina jina linalotambulika, si kwamba imeruhusiwa kupokea amana za watu. Kibali hicho hutolewa na Benki Kuu. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, na kitambulisho cha NIDA usikitume kwa usiyemjua.

Aliyekwisha kuingia asione haya. Apige simu haraka kwa kampuni yake ya simu, atunze ujumbe wote na aripoti polisi. Namba ya tapeli inaweza kuripotiwa TCRA kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Na ajihadhari na anayejitokeza baadaye akidai atamrudishia fedha zake kwa malipo kidogo, maana huyo naye ni tapeli.

Viongozi wa AMCOS, VICOBA na masoko nao watenge walau dakika kumi katika kila mkutano kulizungumzia jambo hili. Tunafundishana kuhusu viwavijeshi kabla mahindi hayajaliwa. Basi tufundishane na kuhusu mdudu huyu anayekula mtaji kabla haujafika shambani.