Nani Anakaa na Mama?

KUTOKA UYOLE, na Mama Atupele

Mnaonisoma kila Jumapili mnajua ugomvi wangu na redio za mabasi. Juma hili, kati ya Mbeya na Iringa, redio ilizimwa, na laiti ingewashwa.

Mbele yangu alikaa mama kijana amempakata mtoto wa miaka sita hivi, kichwa hakina unywele, mkononi bado ana plasta ya dripu. Hatujafika hata Chimala, bwana mmoja akauliza kwa sauti: "Mama, huko kwenu mna deni gani na watu?" Mwingine akamtajia mganga. Dada mmoja, kwa nia njema, akasema: "Jikaze, mdogo wangu, usilie mbele ya mtoto." Akajikaza mpaka Makambako. Nilimgeukia yule bwana nikamwambia anyamaze, maana mtoto alikuwa macho na anasikia kila neno.

Tuliposimama kula nilimsogelea yule mama nikamwamkia kamwene, kwa kuwa ni mtu wa Mufindi. Mtoto ana saratani ya damu, ugonjwa unaotibiwa kwa miaka. Mumewe amepiga simu: mahindi yanaozea shambani, wadogo wa mgonjwa wako kwa bibi, arudi na asiondoke tena. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kukaa naye wakazungumza tangu ugonjwa wa mtoto ugundulike. "Madaktari ni wema," akasema, "ila wanauliza habari za mtoto tu."

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Nchi tajiri zinaponya watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Huku kwetu wapo watoto wanaokufa dawa ikiwepo, kwa sababu mzazi ameelemewa peke yake na hakurudi kliniki. Katika Hospitali ya Muhimbili, watu wa shirika la Tumaini la Maisha wana michezo na masomo ya watoto humohumo wodini, kwa kuwa walielewa kuwa dawa ya bure peke yake haitoshi.

Wala tusiambiwe kwamba Nyanda za Juu Kusini hatuwezi. Ukimwi ulipotumaliza, tulifundisha washauri nasaha, na wahudumu wa shirika la KIHUMBE hapa Mbeya wakawafuata wagonjwa majumbani. Mshauri alijua jina la mgonjwa, la mkewe na la mtoto wa mwisho. Mama wa mtoto mwenye saratani anaambiwa ajikaze.

Ninachotaka ni mshauri aliyeajiriwa, mwenye mshahara na simu ya kazi, ambaye angempigia yule baba wa Mufindi siku ileile. Waheshimiwa wabunge wa Mbeya na Iringa, bajeti ya afya inasomwa Dodoma kila mwaka. Nitawasikiliza mmoja mmoja. Asiyeuliza habari ya mshauri huyo asije Uyole kunigawia kanga.