Nasaba Si Sharti la Urais

Ipo dhana iliyoenea, miongoni mwa Wamarekani wenyewe na miongoni mwetu tunaowatazama kutoka mbali, ya kwamba mtu hastahiki urais wa nchi ile mpaka baba na mama yake wawe walikuwa raia siku alipozaliwa, na kwamba mwana wa mgeni, hata akizaliwa katikati ya Washington, ana doa katika uraia wake lisilofutika. Dhana hii ni batili. Katiba ya mwaka 1787 yataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 35, na awe amekaa nchini miaka 14. Baba hakutajwa, mama hakutajwa, wala babu.

Ni kweli kwamba Katiba haikufasiri uraia wa kuzaliwa ni upi, na hapo ndipo wenye fitina wanapopenyeza nasaba. Lakini Marekani ilipata kukijaribu kipimo cha nasaba, na matokeo yake yamo katika tarikhi: mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Ilihitajiwa vita vya wao kwa wao ndipo hukumu ile ya dhuluma ifutwe, na marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakatamka kwamba kila azaliwaye nchini, naye yu chini ya mamlaka ya sheria zake, ni raia. Mwaka 1898 alifika mbele ya mahakama hiyo hiyo Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, aliyezuiwa kushuka melini alipokuwa akirejea kutoka China, ati kwa sababu wazazi wake walikuwa raia wa China. Majaji sita kwa wawili wakakata shauri kwamba yeye ni raia tangu kuzaliwa kwake, ilhali wazazi wale sheria ya zama hizo isingewakubali kuomba uraia abadan.

Atakaye burhani ya Ikulu yenyewe na amtazame Chester Arthur, aliyezaliwa Vermont mwaka 1829, miaka 14 kabla ya baba yake, Mwailandi, kupata uraia, naye akashika urais mwaka 1881. Wanaozuiliwa ni watu wa namna nyingine: Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani, aliyefika kuwa waziri wa mambo ya nje, na Arnold Schwarzenegger wa Austria, aliyetawala California. Hao walipewa uraia, hawakuzaliwa nao.

Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, Hawaii ikiwa jimbo kwa karibu miaka miwili, na magazeti ya mji ule yakaitangaza habari yake mwezi huo huo. Juu ya hayo mama yake alikuwa Mmarekani wa Kansas. Hata hivyo wenye fitina wakapiga kelele miaka na miaka kwamba hakuzaliwa nchini. Mshindani wake, John McCain, alizaliwa Panama mwaka 1936, katika ukanda wa mfereji, na Baraza la Seneti likapitisha azimio la kumthibitisha. Kwa rai yangu McCain alistahiki. Lakini mwenye insafu atauliza kwa nini mzaliwa wa ng'ambo alipokewa kwa upole na mzaliwa wa nchini akadaiwa hati.

Nasi hatukosi lawama. Kenya ilipofanya tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu kwa ushindi wa Obama, furaha ile ilikuwa ya haki. Waliovuka mpaka ni wale waliojigamba kwamba mtu huyu ni mzaliwa wetu, na gazeti moja la Nairobi lilikwisha kuandika hivyo mwaka 2004, wakawapa mahasidi wake silaha bure. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu mtu raia wa kuzaliwa kwa uraia wa baba au mama, popote alipozaliwa. Hicho ni kipimo chetu, nacho ni halali kwetu, ila kupima kwacho sheria ya Marekani ni kupima kitambaa kwa kibaba.

Asiyeridhika na sharti lililoandikwa ana njia ya wazi: apate theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, kisha robo tatu za majimbo, yaani majimbo 38. Kabla ya hapo, kumdai mgombea nasaba ya wazazi wake ni kudai sheria isiyokuwapo.