Nani kamtenga?

Kuna hoja imeota mizizi mitandaoni: eti Kiswahili hakina neno la mtu kukaa peke yake kwa raha zake, ndiyo maana tunalazimika kusema "me time". Anayeisema huwa ni msomi, na huisema kwa Kiswahili kizuri tu.

Hakina? Mwislamu anayejifungia msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani yuko itikafu. Mkatoliki anakwenda mafungo. Wapenzi wanatafuta faragha. Aliyechoshwa na maneno ya majirani anashika hamsini zake, na kijana aliyehama kwao akapanga chumba Sinza anaishi kivyake. Wote hao wamechagua, na hakuna anayelia.

Kiingereza chenyewe kina ukungu hapa. "By myself" inaweza kuwa sikusaidiwa, inaweza kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Sisi tunatenganisha. Bibi anayesonga ugali huku wajukuu sita wamemzunguka jikoni anapika mwenyewe, lakini hayuko peke yake.

Ila neno linaloniudhi hasa ni "lonely". Si kwa sababu ni la kigeni. Meza, shule na kalamu nazo zilihamia na hakuna aliyezifukuza. Linaniudhi kwa sababu halina mtenda. "Siku hizi mama yupo lonely sana," anasema mtoto wa mjini, kama vile mama kapata mafua. Yamemkuta tu. Hebu liseme kwa Kiswahili uone kitenzi kitakavyokukaba koo: amejitenga, au ametengwa? Kama kajitenga, nenda kamuulize kisa. Kama katengwa, basi yupo aliyemtenga, na huenda ndiye huyo anayeongea.

Vijijini kutengwa kunajulikana kwa vitendo. Ukifiwa, watu hawaji. Ukiwa na shughuli, hupati wa kukusaidia hata kuchambua mchele. Ni adhabu, na kila mtu anajua imetoka kwa nani. Zaidi ya hapo tuna ukiwa, neno la nyumba iliyohamwa na la mtu aliyefiwa na wake wote. Huwezi kumpa aliyekosa meseji Jumamosi jioni.

Najua nitajibiwa kwamba vijana, hasa wa kiume, wanasema "nipo lonely" kwa kuwa "mpweke" linawatia aibu. Ni kweli, na simlaumu anayejificha humo. Nawalaumu wanaomsikia, maana nao wanapata pa kujificha: wanabofya kimoyo, wanaendelea na safari. Waingereza wenyewe, wenye neno lao, mwaka 2018 iliwabidi wateue waziri wa kushughulikia upweke. Hawakuona kwamba kimoyo kinatosha.

Na ugonjwa umeshahamia ndani ya Kiswahili. Fungua gazeti: "Wazee wanakabiliwa na changamoto ya upweke." Maneno yote ni yetu, sentensi si yetu, haina mtu ndani yake. Changamoto! Mhariri alikate neno hilo, amrudishe mwandishi kwa mzee huyo akaulize ana watoto wangapi, wanaishi wapi, na ni nani kati yao aliyekanyaga pale tangu Pasaka.