Nani Atavaa Fulana Arobaini na Mbili?

Tulikuwa kwenye kikao cha ukoo, tunapanga kumbukumbu ya bibi yetu aliyefariki mwaka jana. Binti mmoja akatoa wazo zuri: watoto wanane wa marehemu wavae fulana zenye picha ya mama yao. Nane tu. Mweka hazina akadakia: "Fulana nane ni hasara tupu. Tuchape hamsini, bei inashuka." Sebule nzima ikaitikia. Nimeudhika mpaka leo, kwa sababu maneno hayo nayasikia kila mahali: kwenye kamati za harusi, kwenye vikoba, maofisini kila Mei Mosi ikikaribia.

Inashuka bei gani? Bei ya fulana moja. Pesa inayotoka mfukoni inapanda. Tuseme ukichapa 50, kila moja ni shilingi 9,000. Ukichapa 8, kila moja ni 15,000. Hamsini zitakula 450,000. Nane zitakula 120,000. Unafuu huo tunaoushangilia umetutoa 330,000 zaidi, nasi tumebaki na fulana 42 ambazo hakuna aliyeziomba.

Ukiuliza 42 hizo atavaa nani, jibu ni moja: "Watu watapatikana tu." Watu gani? Kijana wa bodaboda ambaye hakuwahi kumwamkia bibi ndiye atembee na sura yake kifuani? Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kufikiri. Nimewahi kuikuta fulana ya msiba, picha ya marehemu katikati, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki chini yake, ikipigiwa deki chooni. Simlaumu aliyekuwa akideki. Alipewa nguo asiyoihitaji, akaitafutia kazi. Namlaumu aliyesema bei inashuka.

Imani hii ilikuwa na msingi enzi ambazo kila kitu kilichapwa kwa fremu. Kila rangi na fremu yake: wavu unapakwa dawa, unakaushwa gizani, unamulikwa taa, unaoshwa, ndipo mchoro unatokea. Nembo ya rangi tatu ni fremu tatu, uchape fulana moja au elfu moja. Kwa fulana 500 za mkutano, fremu bado ndiyo yenyewe. Kwa nane, gharama ya maandalizi ilikuwa inaumiza kweli.

Sasa nenda Kariakoo. Fundi anachapa picha kwenye karatasi ya plastiki, rangi zote kwa mkupuo mmoja na weupe juu yake. Ananyunyiza unga wa gundi, anauyeyusha, kisha anailaza karatasi juu ya fulana na kuibana kwa mashine ya joto, nyuzi 160 hivi, sekunde kama 15. Anaibandua, sura ya bibi inabaki kwenye pamba, iwe nyeusi au nyeupe. Fremu haipo. Kazi anayoifanya kwa fulana ya kwanza ndiyo ileile ya fulana ya hamsini. Punguzo kubwa linalobaki ni la kununua fulana tupu kwa jumla, na fulana tupu usiyoihitaji ni hasara hata ikiuzwa nusu bei.

Halafu tazama hizo za hamsini zenyewe. Ili bajeti itoshe, kamati inachagua nyepesi kuliko zote. Ukiingiza mkono ndani unahesabu vidole. Ifue mara mbili, shingo imelegea. Wanasiasa ndio waliotuzoesha haya, kila uchaguzi wanamwaga fulana za namna hiyo kwa mafungu, na sisi tumejifunza kwamba fulana ni kitu cha kugawa, si cha kuvaa. Kwa 120,000, au hata ukiongeza kidogo, wale wanane wangepata pamba nzito ya gramu 180 kwa mita ya mraba, kila mtu kwa saizi yake: shangazi mnene asibanwe, baba mdogo asiogelee.

Mafundi nao wana lao. Mtu ana mashine ya joto mezani, imewaka, haina kazi tangu asubuhi, na bado anakwambia hapokei chini ya dazani. Usimbembeleze, wala usiongeze fulana nne ili kumridhisha. Vuka barabara, duka la pili watakuchapia hata moja, ukiwa umekaa unasubiri.